Walikata mpaka wa Mama Nabwire na msumeno wa camping: wenye RV someni hii kabla mfungue sanduku la vifaa

Wakuu, salamu kutoka huku mpakani. Mimi kawaida yangu ni kusoma nyuzi zenu na kucheka na comments, sijawahi kuandika yangu. Leo naandika. Nitasema vile ilikuwa, hata pale ambapo makosa ni yangu.

Kilichonitoa mafichoni ni ule uzi wa juzi, wa yule member aliyeuliza akienda camping na RV abebe msumeno gani.

Comments zikajaa. Chainsaw ya betri. Msumeno wa kukunja. Msumeno wa upinde. Mwingine akasema usisahau shoka mbili, moja ya kukata na moja ya kupasua. Mwingine akaweka picha ya panga lake lenye ala ya ngozi kama la askari.

Nikasoma mpaka chini kabisa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza huo mti utakaokatwa ni wa nani.

Hapo damu ikanichemka. Wacha niwaambie kilichotokea Bukhayo mwaka huu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mteso wa Adungosi. Shule niliishia form two, baada ya hapo nikaingia kazi ya kuosha trela pale Malaba. Kazi si mbaya. Trela zinapiga foleni kuingia Uganda, dereva anachoka kukaa, anasema kijana hebu nioshee kichwa cha gari. Maji, sabuni, stori. Watu wa kila mahali nimewajua hapo.

Sasa kati ya hizo trela, mara moja moja hupita gari la ajabu. Nyumba nzima juu ya matairi. Kuna kitanda, jiko, dirisha na pazia. Madereva wanaliita nyumba ya tairi. Siku ya kwanza niliosha moja, mwenyewe akanifungulia mlango nione ndani. Wakuu, sikulala vizuri wiki nzima. Mimi nimechora yangu kwa exercise book, iko na kurasa kumi na moja, mpaka mahali pa kuweka kuku wa safari nimechora. Msicheke.

Nikagundua hawa watu wa RV wakifika mpakani hawana mahali pazuri pa kupumzika. Wanalala kwa petrol station katikati ya moshi wa trela. Nikasema mimi nitawatafutia mahali.

Nikazunguka na baiskeli ya ndugu yangu mpaka nikapata boma la Mama Nabwire, huko Bukhayo, si mbali na mji wa Busia. Uwanja tambarare, nyasi fupi, kivuli, na kisima kizuri ambacho marehemu mume wake alichimba kwa mikono yake. Mama ni mjane, watoto wake wameolewa mbali. Nikamweleza. Akanisikiliza akiendelea kuchambua mboga.

"Yaani mtu ako na nyumba yake, anaiendesha aje kulala kwangu nje?"

"Ndio mama."

"Kwao hakuna nje?"

Alicheka, lakini akakubali. Tukaanza. Wageni wachache walikuja, wakalala, wakachota maji, wakasifu mihogo yake, wakaenda. Mama akawa ananiita mwanangu. Mimi nikaona ndoto imeshika njia.

Mpaka akaja Boss.

Jina lake naliacha, nitamwita Boss tu, maana ndivyo nilivyomwita. Mkenya mwenzetu, mtu mzima, kutoka Nairobi, ako na mke wake ambaye nitamwita Madam. Walikuwa wanaenda kuzunguka Uganda siku chache. RV yao ilikuwa safi kuliko zote nimewahi kuona.

Walifika Jumapili mapema. Mama Nabwire alikuwa tayari amevaa, anaenda Matayos kwa matanga ya mtu wa kanisa lao. Akawasalimia, akaniambia, "Mwanangu, boma nakuachia wewe," akaondoka.

Kumbukeni hayo maneno. Boma aliniachia mimi.

Boss akafungua sanduku la vifaa kando ya gari. Wakuu, mimi napenda vifaa, siwezi kudanganya. Kila msumeno ulikuwa na mahali pake palipokatwa kwenye sponji. Chainsaw ndogo ya betri, mpya, bado iko na ile stika. Shoka. Msumeno wa kukunja unaingia mfukoni. Akanipa nishike.

"Hii," akasema, "inakata mti kama mkate."

"Umeshaijaribu, boss?"

"Bado. Natafuta mti."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Nilikuwa nimewaahidi kuni kavu na nilikuwa sijaleta. Hilo kosa la kwanza. Nikawaambia mnipe masaa mawili nikimbie Matayos sokoni, naleta mzigo wa kuni kavu na samaki. Boss akasema sawa. Madam alikuwa anakata kuku wake kwa meza, akanipungia mkono.

Sasa nikiwa huko soko, mnyororo wa baiskeli ukakatika. Masaa mawili yakawa manne.

Narudi, nakuta miti mitatu chini.

Ni hivi. Kando ya kisima cha Mama kulikuwa na miti mitatu ya lusiola, imesimama kwa mstari kutoka huko juu kuelekea mtoni. Lusiola ni ule mti mrefu ulionyooka wenye maua ya manjano, watu wa Magharibi mnaujua. Mikubwa, ya miaka ishirini hivi. Yote ilikuwa imelala. Boss amekaa juu ya gogo, jasho, ana furaha kama mtoto wa Krismasi.

"Kijana, si ulichelewa? Nikaona nijisaidie. Dakika kumi tu, yote chini."

Na hapa ndipo nataka mnihukumu.

Moyo wangu ulikataa lakini mdomo ukatabasamu. Nilitaka Boss afurahi, nilitaka aandike vizuri huko kwa group yao ya watu wa RV. Nikasema, "Kazi safi boss." Nikashika shoka nikaanza kumsaidia kupasua.

Tena wakuu, mimi sikujua hiyo miti ni nini. Kwetu Adungosi mpaka wa baba yangu ni makonge. Ukiona makonge kwa mstari unajua shamba la mtu limeisha hapo, hata mtoto anajua. Lakini lusiola tatu kwa mstari, mimi niliona kivuli tu. Nimekaa pale miezi, natundika kamba ya nguo za wageni kwa hiyo miti, na sikuwahi kuuliza mbona imesimama kwa mstari.

Kitu kinachonikera zaidi ni hiki: kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Mti ulikuwa hai asubuhi hiyo, utawakaje mchana? Tukaweka, ukatoa moshi, ukatoa povu kwenye ncha, machozi yakatutoka wote watatu. Ilibidi niwashe na zile kavu nilizotoa Matayos. Miti ya miaka ishirini ilikatwa na ikashindwa hata kuchemsha chai.

Jua likiwa bado juu kidogo, Mama Nabwire akarudi kutoka matanga.

Nilimwona akiingia kwa njia. Akatembea, akasimama. Akaangalia pale miti ilikuwa. Akaangalia moto. Aliweka mkoba wake chini polepole, akakaa pale pale kwenye nyasi na nguo zake za kanisa.

Nikamkimbilia. "Mama, pole, ni kuni tu, nitakupandia ingine."

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sina title. Shamba hili bado liko kwa jina la baba mkwe, alikufa kabla ya kugawa kwa karatasi. Aligawa na hiyo miti. Mume wangu na ndugu yake walipanda pamoja, mzee akiangalia. Karatasi yangu ya shamba ndiyo hiyo mnajaribu kuwasha."



Huyo ndugu wa mume anaitwa Wandera. Shamba lake ndilo limepakana upande wa kisima. Tangu ndugu yake afe, Wandera amekuwa akisema kisima kiko upande wake, na kila akisema, Mama anamwonyesha miti. Miti iko huku, kisima kiko ndani, maneno yanaisha. Sasa maneno yataishia wapi?

Boss alisikia yote. Alisimama pale na koleo la kugeuzia kuku mkononi. Madam akaanza kusema kitu, akamtazama mume wake, akanyamaza. Boss akasema, "Lakini mama, visiki si viko?"

Ukweli, visiki vilikuwepo. Mama akasema sawa, visiki viko, Mungu yuko. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu asubuhi mapema Boss na Madam waliondoka kwenda Malaba kuvuka. Hakuna aliyebisha hodi kwa Mama kuaga.

Jumatano Mama akanipigia simu. Maneno mawili tu: "Njoo uone."

Nikaenda. Visiki havikuwepo. Wandera alikuja na watu, wakavichimba vyote vitatu mpaka mizizi, wakabeba. Halafu akaleta ng'ombe wa kulima, akalima pale juu, akapitisha mfereji mpaka karibu na ukuta wa jikoni ya Mama. Kisima kikawa kwake. Nusu ya mihogo ikawa kwake. Akachomeka vijiti vyake vipya.

Nilimkuta amesimama hapo kofia kichwani.

"Mzee Wandera, mbona hivi?"

"Hivi vipi? Mimi nalima shamba langu. Wewe ni nani?"

"Miti ilikuwa hapa."

"Miti gani? Onyesha."

Akanicheka usoni. Akaniambia, "Nyinyi Wateso mpaka mnajua ni ule wa Uganda peke yake, na hata huo mnauvuka na baiskeli kama njia ya choo. Wewe utafundisha Mkhayo mpaka wa Bukhayo?"

Watu wake wakacheka. Na mimi, wakuu, nilikuwa na hasira mpaka nikaona nyota, lakini niligeuka nikarudi kwa Mama. Maana kweli sikuujua ule mpaka.

Mama alienda kwa liguru, mzee wa kijiji. Liguru akasema Ijumaa saa nane mchana tukutane hapo shambani, kila mtu alete shahidi wake. Wandera alishasema neno lake: hakukuwa na mpaka pale, miti ilijiotea tu, na siku ilipokatwa yeye alikuwa mji wa Busia akinunua mbolea, hajui lolote. Majirani walikuwa wote matanga Matayos. Wengine walijua ukweli, lakini Wandera ni mtu wa maneno, na jirani anaogopa kukaa na adui maisha yake yote kwa sababu ya kisima cha mjane.

Kwa hivyo shahidi ni nani? Ni Boss. Aliyekata ndiye anajua alikata wapi.

Nikampigia. Mara ya kwanza akashika.

"Boss, kuna shida kwa Mama. Tunahitaji useme tu ulikata wapi."

"Kijana, mimi niko safarini. Usiniingize kwa kesi za vijiji."

Akakata. Nikapiga tena, haiingii. Nikatuma message, tiki moja. Alikuwa amenifungia.

Hebu niambieni. Mtu anaweza kubeba misumeno sanduku zima kutoka Nairobi mpaka mpakani, kila mmoja na mahali pake kwa sponji, na hana nafasi ya kubeba neno moja?

Siku mbili nilizunguka Malaba nikiambia kila dereva ninayemjua: ukiona ile nyumba ya tairi nyeupe ikirudi kutoka Uganda, nipigie hata niko chooni.

Ijumaa saa sita na nusu mchana simu ikalia. Dereva mmoja wa trela ya mafuta, rafiki yangu.

"Nyumba yako iko hapa nyuma yangu. Imemaliza makaratasi lakini haitoki leo haraka, mbele kuna trela imekufa injini. Kuja."

Nilitupa ndoo chini.

Niliwakuta wamefungwa katikati, trela mbele, trela nyuma. Boss yuko kwa usukani, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Aliponiona akaanza kupandisha kioo. Nikaweka mkono.

"Boss, shikamoo. Lisaa limoja tu. Mama atapoteza kisima chake leo saa nane."

"Mimi sikuiba kitu cha mtu. Tulipewa ruhusa."

"Na nani? Mama alikuwa matanga, na mimi nilikuwa Matayos."

"Na mwenye shamba. Yule jamaa wa kofia."

Nikauliza tena, maana nilidhani joto limenipanda. Akarudia. Kumbe, wakuu, nilipokuwa nahangaika na mnyororo wa baiskeli, Wandera alikuja pale bomani. Akasalimia vizuri. Akasikia Boss anatafuta mti wa kujaribu chainsaw. Akamwonyesha. Hii, hii na hii. Hata akaleta kamba akashika isije ikaangukia gari.

"Boss, na Jumapili Mama alipoketi chini mbona hukusema hivyo?"

"Nilidhani mnajuana."

"Sasa njoo useme."

"Niache gari hapa? Unaona hii foleni? Na mimi nikienda huko wataniambia nimekata miti, waniletee polisi. Hapana. Kwa heri kijana."

Sijawahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu na siku hiyo nilikaribia. Nilimwambia, "Boss, ulisema msumeno wako unakata kama mkate. Kweli. Umekata mkate wa mtu."

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Madam akashuka, na mkoba wake, na kofia ya jua. Akavaa viatu akiwa amesimama barabarani.

Boss akamwambia, "Mama Ian, unaenda wapi?"

"Kusema tulichofanya."

"Hujui hata ni wapi."

"Nilikuwa nimekaa hapo siku nzima, najua. Wewe kaa na gari yako. Foleni ikitembea, utatupata Busia."

Nilimtafutia boda mmoja mzuri asiyekimbiza, mimi nikapanda ingine. Kutoka Malaba mpaka Bukhayo Madam alishika kofia yake upepo usiibebe.

Saa nane na kitu tukafika. Watu walikuwa wamesimama kando ya shamba lililolimwa. Liguru, wazee wanne, Wandera na watu wake, majirani wakijifanya wanapita tu. Mama Nabwire alikuwa peke yake upande wake. Aliponiona nikishuka na Madam alifunga macho kidogo.

Wandera alikuwa ameshaongea, na aliongea vizuri. Alikuwa anamalizia: "...siku hiyo mimi nilikuwa Busia. Kama wageni wa huyu shemeji walikata miti iliyojiotea, hiyo ni shida yao. Mpaka haukuwepo."

Liguru akauliza Madam, "Dada, wewe ni nani kwa haya mambo?"

"Mume wangu ndiye alikata miti. Na huyu ndiye alituonyesha tukate ipi."

Akamnyooshea kidole Wandera.

Kelele kidogo. Wandera akacheka. "Mgeni huyu amenifananisha. Wanaume wa kofia huku ni wengi."

"Sijakufananisha. Ulishika kamba. Uliniambia nisogeze kiti."

"Hata mwingine angekuambia usogeze kiti."

Watu wakacheka, na nikaona Wandera anapata nguvu. Madam akakunja uso akifikiria. Halafu akasema, bila kujua anasema nini, maana yeye ni mtu wa Nairobi na kwao kuku ni kuku:

"Si wewe ndiye uliniomba firigisi? Nilikuwa nakaanga kuku. Ukauliza firigisi iko wapi. Nikakuambia bado iko kwa sufuria. Ukasema nikupe, ni yako, kwa sababu wewe ndiye mwenye boma. Nikakupa. Ulikula hapo, umekaa kwa kile kiti cha miguu mitatu."

Wakuu, hicho kiti kilikuwa cha marehemu mume wa Mama.

Kwa wasiojua. Huku kwetu firigisi haiombwi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma, mwanaume wa hiyo nyumba. Hata mtoto akiila kwa siri anachapwa. Na mwenye boma akifa, hakuna shemeji anayekuja kukaa kwenye kiti cha marehemu na kuagiza firigisi kwa wageni, mjane akiwa hayupo. Hiyo ni kumzika ndugu yako mara ya pili.

Na hakuna mtu angeweza kumtungia Madam hayo maneno. Alisema tu kama mtu anayekumbusha mwingine alivaa shati gani.

Liguru hakumwangalia Wandera. Alimwangalia Madam. "Aliomba ama ulimpa?"

"Aliomba."

"Akasema yeye ni nani?"

"Mwenye boma."

Mzee mmoja akatema mate kando. Liguru akageuka sasa. "Wandera. Firigisi ulikulia Busia?"

Hakuna aliyecheka mara hii. Wandera akavua kofia, akaivaa tena. Akasema shamba ni la baba yao wote. Akasema mambo mengi. Lakini hakusema tena hakuwepo.

Mama Nabwire alisogea mbele akamtazama Wandera. Mpaka hapo hakujua habari ya kiti. Alisema jambo moja tu, tena kwa upole: "Shemeji, ungeniambia una njaa ningekupikia."

Basi Madam akatembea juu ya udongo uliolimwa, akasimama hapa, akasogea, akasema kiti changu kilikuwa hapa, mti wa kwanza ulikuwa kulia kwangu. Liguru akachoma fimbo yake chini. Ikaingia urefu wa mkono mzima, udongo ni laini, shimo lilichimbwa na kujazwa. Wakatafuta la pili, wakalipata. La tatu hatukulipata, ng'ombe walikuwa wameharibu. Lakini mashimo mawili yanatosha kuvuta mstari. Wakavuta, na kisima kikawa ndani kwa Mama, hatua tisa kamili.

Mihogo iliyolimwa ilishakufa, hiyo haikurudi.

Halafu wazee wakasema mpaka haupandwi na upande mmoja. Mimi nikaambiwa nichimbe mashimo kwa sababu boma niliachiwa mimi. Nilichimba. Miche mitatu ya lusiola, ya kimo cha goti. Kila mche Mama akashika upande huu, Wandera akashika upande ule, na wakarudishia udongo pamoja, watu wote wakiangalia. Kwa mche wa tatu Wandera aliachilia mapema. Liguru akamwambia rudisha mkono. Akarudisha.

Madam alilia kidogo nyuma ya kofia yake. Boss alimpata Busia jioni, aliegesha huko kwa barabara kubwa. Kwa boma hakuingia.

Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike.

Mti kwa shamba la mtu si kuni. Unaweza kuwa mpaka, kaburi, kitovu cha mtoto, dawa, ama deni la mtu na babake. Wewe wa RV unaona kijani tu. Na si wewe peke yako, hata mimi niliyezaliwa kilomita chache kutoka pale niliona kivuli. Kwa hivyo usiniambie utajua kwa macho. Uliza. Tena usiulize yeyote mwenye kofia, uliza aliyekukaribisha, na kama hayupo msumeno ubaki kwa sanduku mpaka arudi. Kuni nunua kavu barabarani, kila soko ziko. Ule msumeno wa kukunja unatosha kwa tawi lililoanguka lenyewe. Chainsaw ya kujaribia, jaribia kwako.

Na wewe mwenzangu unayepokea wageni: usitabasamu kama mimi. Lile "kazi safi boss" bado linanirudia nikiwa naosha trela.

Wageni bado wanakuja kwa Mama, alikataa nifunge. Lakini kuna sheria yake sasa. Gari likiingia, misumeno, mashoka na panga vyote vinaenda ndani kwake, chini ya kitanda, mpaka siku ya kuondoka. Wengine wananuna. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba host ni rude na anashika mali ya wateja. Aandike. Nikimwona kwa foleni ya Malaba nitamwoshea gari na bado nitamwambia hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Boss alinifungulia. Message ya kwanza tangu ile siku. Nilidhani ni ya pole. Alikuwa anauliza kama aliacha ule msumeno wa kukunja pale bomani, na kama naweza kuutuma Nairobi na parcel.

Nikamsomea Mama. Alikuwa anapogoa mipera yake, na huo huo msumeno.

Akasema, "Mjibu uko. Mwambie aje auchukue mwenyewe, anisalimie kwanza."

Nimetuma. Tiki mbili za bluu, bado hajajibu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama kwenu mpaka unawekwa na kitu ambacho mgeni hawezi kujua, kiandike hapa chini tusikikate. Na kama wewe ni mtu wa RV na umewahi kukata bila kuuliza, sema pia, hatutakupiga. Mimi nimeanza kwa kusema yangu.